Mizuka ya Kijapani isiyo na sura: yupi umsimulie, yupi umchore, yupi umwache kwanza

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, wapwa zangu watatu wamekaa sebuleni wanadai stori, na mi kwa muda sasa nimezama sana kwenye mizuka ya Kijapani, hasa hii isiyo na sura. Yaani mtu kabisa, nywele zipo, nguo zipo, mabega yapo, ila pale penye macho na pua na mdomo hamna kitu, ngozi laini tu kama ganda la yai. Jina lao la jumla ni noppera-bo, hilo "nopperi" ni kitu kilicho bapa na laini, na "bo" la mwisho ni kama kumwita mtu jina la utani, kwahiyo ni kama useme "yule jamaa laini". Nikajikuta sijui nianze na yupi. Manake ukiingia humo unakuta wako wengi na kila mmoja ana kazi yake, na nimeona watu wanaanza na yule asiyefaa kwa walichokua wanataka, mtu anatafuta stori ya kusimulia gizani anaokota mzuka ambao uzuri wake wote uko kwenye picha, stori inakufa mdomoni.

Kwahiyo nawaweka hapa pamoja, nilivyowasoma na nilivyowajaribu mwenyewe. Na habari njema kwa sisi tunaoongea Kiswahili, majina ya Kijapani yanasomeka kama yalivyoandikwa, a e i o u ni zile zile, soma tu mu-ji-na, nu-ppe-ppo, ku-chi-sa-ke, hutokosea sana.

Nianze na Mujina wa Akasaka, manake ndo anayejulikana kuliko wote nje ya Japani. Aliyemuandika ni Lafcadio Hearn kwenye kitabu chake Kwaidan kilichotoka 1904, mwaka huo huo aliofariki. Hearn alizaliwa kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, mwaka 1850, akalelewa Ireland, akafanya kazi ya magazeti Marekani miaka mingi, alafu 1890 akafika Japani na hakuondoka tena, akamuoa Koizumi Setsu, akachukua uraia na jina la Koizumi Yakumo. Jicho lake la kushoto lilipofuka akiwa na miaka 16, aliumia shuleni wakicheza, na ukiangalia picha zake karibu zote kageuza uso upande ili jicho lile lisionekane. Mi kila nikirudia hii stori nakumbuka hilo, mtu aliyeficha nusu ya sura yake maisha yake yote ndo katuachia stori ya mwanamke asiye na sura.

Stori yenyewe fupi sana. Tokyo, barabara ya Akasaka, kuna mteremko unaitwa Kii-no-kuni-zaka. Upande mmoja kuna handaki la zamani la maji, pana na lenye kina, upande wa pili kuta ndefu za kasri. Kabla ya taa za barabarani hapo usiku palikua giza na pweke kiasi kwamba mtu aliyechelewa alikua radhi azunguke mbali kuliko kupanda pale peke yake, kisa Mujina anatembea hapo. Sasa mfanyabiashara mmoja mzee wa mtaa wa Kyobashi anapandisha haraka haraka, anamkuta mwanamke kachuchumaa kando ya handaki, peke yake, analia kwa kwikwi. Mzee akahofia anataka kujitupa majini, na alikua mtu wa roho nzuri, akasimama. Dada usilie hivyo, niambie kinachokusumbua, kama kuna namna ya kukusaidia nitafurahi kukusaidia. Mwanamke anazidi kulia, uso kafunika na mkono mpana wa kimono, lile vazi refu la Kijapani. Mzee anamsihi tena, hapa sio mahali pa binti usiku huu, anamuwekea mkono begani taratibu. Ndo mwanamke anageuka, anashusha mkono wa kimono, anajipangusa uso kwa kiganja, na mzee anaona hamna macho wala pua wala mdomo.

Anapiga kelele anakimbia. Anapanda mteremko bila kuangalia nyuma, mbele yake kiza tupu, mpaka anaona kataa kadogo kwa mbali kama kimulimuli, ni muuza tambi za soba kaweka vitu vyake kando ya njia. Mzee anajitupa miguuni kwa muuza tambi, hata kuongea hawezi. Muuza tambi anauliza bila haraka, vipi, kuna mtu kakuumiza? Hapana. Kakutisha tu? Wezi? Sio wezi, nimemuona mwanamke kule handakini, kanionyesha, aa, siwezi hata kusema kanionyesha nini. Muuza tambi anasema, alichokuonyesha kilikua kama hivi? Anajipangusa uso wake, uso unakua kama yai, na hapo hapo taa inazimika.

Basi, imeisha hapo.

Watu wa Mombasa, Tanga na Dar nadhani mshaitambua. Ni mjengo ule ule wa jini mwenye kwato. Mi niliisikia bwenini, jamaa kakutana na dada mzuri usiku, anaangalia chini anaona kwato, anakimbia mpaka kwa mlinzi wa geti, mlinzi wangu nimeona dada ana kwato, na mlinzi anapandisha suruali taratibu anauliza, kama hizi? Mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa kwanini hii inatisha. Hofu ya kwanza ni ndogo, hofu yenyewe inakuja pale ulipofika kwenye mwanga na kwa mtu, pale ulipoanza kupumua. Ndo maana kwa kusimulia kwa mdomo hamna anayemfikia Mujina. Hamna damu wala aliyekufa, noppera-bo hali watu na haumizi mtu, kazi yake ni kutisha tu na kupotea, kwahiyo unaweza kumsimulia mtoto wa miaka tisa na asubuhi akawa mzima.

Ubaya wake mmoja ni jina. Hearn kaiita "Mujina" na neno noppera-bo halimo kabisa kwenye stori yake, matokeo yake watu wengi wanadhani mujina maana yake ni mzuka asiye na sura. Mujina ni mnyama, wa jamii ya kina nyegere, na sehemu nyingine za Japani neno hilo hilo wanalitumia kumuita tanuki, yule mnyama wa jamii ya mbwa mwenye weusi kuzunguka macho. Wote hao pamoja na mbweha wanaaminika wanajigeuza watu, na sura tupu ni moja tu ya mbinu zao. Utata wa haya majina ulifika mpaka mahakamani, hii sio stori, ni kesi ya kweli. Mwaka 1924 mkoani Tochigi mwindaji mmoja aliwaua wanyama wawili siku ambazo kuwinda tanuki kulikua kumepigwa marufuku, akajitetea kwamba yeye aliwinda mujina na kijijini kwao ni mnyama mwingine kabisa, na mwaka 1925 mahakama ya juu ikamuachia huru manake kweli kwa imani yake hakujua kwamba ni tanuki. Kwahiyo ukisimulia, sema tu mzuka asiye na sura, hilo neno Mujina waachie mwisho ukiulizwa nani alifanya vile.

Kuna ndugu zake wa zamani zaidi Kyoto, nitawapitia haraka. Mkusanyo wa stori za mwaka 1663 una mmoja wa mtaa wa Oike mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na mkusanyo wa 1767 una huyu anaitwa zunbera-bo, alikua anatokea ukingo wa mto pale Nijo, na watu aliowavamia walikutwa na manyoya mazito yamenata kwenye nguo zao. Hayo manyoya nayapenda sana, ni ushahidi kwamba nyuma ya ile sura kulikua na mnyama. Ila kwa kusimulia hawa wanapiga mara moja tu, hawana kile kipigo cha pili cha muuza tambi. We chukua manyoya tu uyahamishie kwa Mujina, mzee akifika nyumbani akute manyoya kwenye mkono aliomshika yule dada begani. Mi nilifanya hivyo na ilikubali.

Sasa Ohaguro-bettari. Huyu yupo kwenye kitabu cha picha kinaitwa Ehon Hyaku Monogatari cha 1841, picha kachora Takehara Shunsensai. Jioni, karibu na hekalu, mwanamke amevaa kama bi harusi, kainamisha kichwa, uso hauonekani. Unapita unamsemesha, labda unamtania, anageuka. Hana macho, hana pua, ila mdomo anao, mpana, umejaa meno meusi, na anacheka.

Hapa lazima ujue ohaguro ni nini, la sivyo unapoteza nusu ya stori. Wanawake wa Kijapani wa enzi hizo walikua wanapaka meno rangi nyeusi kwa makusudi, walichovya vipande vya chuma kwenye siki mpaka kikatoka kimaji cha kahawia, wakakichanganya na unga wa vinundu vya mti fulani, wakapaka tena na tena mpaka meno yakang'aa weusi. Ilikua alama ya mwanamke aliyeolewa na ilihesabika ni urembo. Serikali mpya ya Japani ya enzi za Meiji ikaja kuwakataza watu wa ukoo wa juu mwaka 1870, na taratibu ikafa. Kwahiyo mtu wa mwaka 1841 akiona yale meno hakuona uchafu, aliona bi harusi aliyejipamba vizuri kabisa, kila kitu kipo sawa, kimono, nywele, poda nyeupe, meno, kasoro hamna mtu wa kukuangalia. Kutisha kwake kuko hapo. Nilipomjaribu kwa wapwa zangu bila kueleza haya, yule mdogo akasema kumbe alikua hapigi mswaki, na stori ikaishia hapo.

Kwahiyo ukimuweka Ohaguro-bettari kando ya Mujina, Mujina ni wa sikio, huyu ni wa jicho. Mujina hasemi kitu akiwa na ile sura tupu, ukimya wake ndo unaomuumiza mzee, wakati huyu anacheka, na kucheka ni kugumu kusimulia ila ni kuzuri kuchora. Kama we ni mchoraji, au una binti anayependa kuchora, anza na huyu. Uso mweupe mtupu na mstari mmoja mweusi chini, hata penseli moja inatosha. Mwambie asianze na mdomo, achore kwanza nywele na shingo na kimono vizuri kabisa kama anachora harusi ya kweli, uso auache karatasi tupu mpaka mwisho.

Nuppeppo ni habari nyingine kabisa. Huyu ni bonge la nyama linalotembea, lina vimikono na vimiguu, na mikunjo ya mafuta imejipanga kiasi kwamba ukitazama unaona kama kuna sura imelala humo, ukitazama tena hamna. Kachorwa na Sawaki Suushi mwaka 1737 na Toriyama Sekien mwaka 1776, na wote wawili wamemchora tu bila kumueleza. Maelezo kwamba anazurura kwenye mahekalu yaliyotelekezwa na ananuka nyama iliyooza yamekuja baadae. Ila kuna kisa kinachohusishwa nae ambacho mi nakithamini kuliko picha zake. Mwaka 1609, kwenye ngome ya Sunpu alikokua anaishi Tokugawa Ieyasu, mtawala mkuu wa Japani enzi hizo, asubuhi moja kitu kama mtoto wa nyama kimeonekana uwanjani, kina mikono isiyo na vidole, kimenyoosha mkono juu mbinguni. Watu wakashindwa kukikamata, Ieyasu akasema basi kisukumwe mlimani kisionekane na watu. Baadae mtu mmoja mwenye elimu akasikia akasikitika sana, akasema vitabu vya Kichina vinakitaja kitu kile, nyama yake ingewapa watu nguvu za ajabu.

Kile kimkono kisicho na vidole kimeelekea mbinguni sikisahau. Hakimtishi mtu, hakimfukuzi mtu, kinaonyesha kitu na hamna anayeelewa. Watoto wadogo wanampenda Nuppeppo kwasababu ni bonge na ananuka, wanacheka, hawaoti vibaya. Kwahiyo umri wa miaka mitano, sita, mpe huyu. Ukitaka mzuka wa kutisha kweli huyu hatokufaa, usijilazimishe.

Kwa watu wazima ambao stori za handaki na kimono zinawapita mbali, kuna ya Hawaii. Wajapani walianza kwenda Hawaii kwa wingi kulima miwa kuanzia 1885 na mizuka yao wakaenda nayo. Mwaka 1959, inasimuliwa, sinema ya wazi ya Waialae huko Honolulu, ile ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, mwanamke aliingia chooni akamkuta mwenzake anachana nywele mbele ya kioo, akasogea karibu, akaona kwenye kioo uso hamna. Miaka ikapita, mwaka 1981 Glen Grant, mtafiti wa hadithi za huko, akiwa redioni akasema hizo ni tetesi tu, na mwanamke akapiga simu redioni kusema ni mimi ndiye niliyeona, akaeleza mambo ambayo hayakua yanajulikana, mpaka kwamba nywele zilikua nyekundu. Sikulazimishi uamini. Ila kwa mtu anayesema "hizo za zamani" hii inampata kwasababu ya kile kioo. Kwa Akasaka mzuka anageuka akutazame, hapa hageuki hata kidogo, anaendelea kuchana, we ndo unayesogea. Inatisha kimya kimya, na haina kipigo cha pili. Isimulie kwa watu wawili watatu, sio kundi kubwa.

Nimuongelee na Kuchisake-onna ingawa yeye sura anayo, manake watu wengi wakitafuta hawa wengine wanaishia kwake. Mwanamke kavaa barakoa, anakusimamisha njiani, anauliza mi mzuri? Ukisema ndio anavua, mdomo umechanwa mpaka masikioni, anauliza hata hivi? Uvumi wake ulianzia mkoa wa Gifu na mwaka 1979 ukaenea Japani nzima kiasi kwamba shule zikawa zinawarudisha watoto nyumbani kwa makundi. Wenyewe watoto wakatunga dawa, mwambie ni wa kawaida tu, au mrushie pipi, au taja mafuta ya nywele, sema pomade mara tatu. Ni stori yenye nguvu sana, ina maswali, msikilizaji anajikuta anajibu moyoni. Lakini mi kwa watoto wanaotoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda shule kwa miguu simsimulii, na nakuomba na wewe usiwasimulie. Huyu ana mkasi, na anakaa njia ya shule. Noppera-bo mtoto anamuacha Akasaka, huyu anamkuta kona ya kwanza. Msubirie afike sekondari.

Alafu kuna wanaoniuliza kuhusu Kaonashi, yule mweusi mwenye kibarakoa cheupe kwenye Spirited Away, katuni ya Kijapani ya Studio Ghibli ya 2001. Jina lake kweli maana yake ni asiye na sura, ila huyo kabuniwa kwa ajili ya ile katuni, sio wa hadithi za zamani. Mtazame, ni mzuri mno, ila usimtafute kwenye vitabu vya kale.

Kama umeamua kusimulia na umemchagua wa Akasaka, nikuambie nilichojifunza. Usisome kwenye simu. Setsu, mke wa Hearn, alieleza kwamba mumewe alikua anapunguza taa usiku ndo anamuomba stori, na hakutaka kabisa amsomee kitabuni, alitaka maneno yake mwenyewe. Fanya hivyo. Isome mara mbili mchana, weka simu chini, simulia ulichobaki nacho. Na usiharakishe kwa muuza tambi, watu wengi wanaharakisha hapo kwasababu wanajua kinachokuja. Mpe maswali yake yote, kakuumiza, kakutisha, wezi, msikilizaji atulie, aone mzee kapona.

Juzi nilikua nimeshika tochi ya simu, mwanga unaangalia juu ya dari. Nilipofika kwenye "kilikua kama hivi" nikapitisha kiganja usoni kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, polepole, na kabla mkono haujafika chini nikazima. Kimya. Alafu nikasikia vidole vya yule wa kati vimenikamata mkono juu ya kiwiko, ananibana kabisa, anasema kwa sauti ya chini, mjomba washa, mjomba washa basi nikuone. Nikawasha. Akanishika pua kwanza ndo akaniachia.

Jana jioni nimemsikia barazani anawasimulia watoto wa jirani. Akasaka imekua njia ya kwenda kisimani, tambi zimekua chipsi, na muuza chipsi anauliza, wezi? Wamekuibia simu? Alafu akanyamaza hapo muda mrefu kuliko nilivyonyamaza mimi.